Baiskeli ya laki tisa, na nani alilipia barabara

Wasee, mmeziona zile video. Mathe wa Amsterdam ameketi wima kwa baiskeli, mbele yake kuna sanduku kubwa, na ndani ya sanduku wamejipanga watoto watatu na mfuko wa mboga. Hatoki jasho kwa sababu kuna mota pale chini ya pedali. Halafu unaangalia bei. Urban Arrow, Riese & Müller, hizo za kifahari zinaanzia kama euro 6,000. Kwa pesa zetu ni karibu laki tisa. Hapo si unapata Vitz iliyotumika na bado ubaki na doo ya mafuta?

Chekeni, lakini msipite. Hiki chombo kina historia ambayo haifanani hata kidogo na bei yake.

Kilianza kama chombo cha hustler. Copenhagen ya miaka ya 1920 na 1930, mkate, maziwa, nyama, vyote vilizungushwa mjini na vijana wa baiskeli walioitwa svajere. Moja ya baiskeli zao iliitwa Long John: ndefu, gurudumu la mbele dogo, na katikati ya usukani na hilo gurudumu kuna jukwaa la kubebea mzigo, chini karibu na lami. Mzigo ukikaa chini baiskeli haiyumbi. Hiyo fizikia haijabadilika mpaka leo, na ndiyo maana ile Urban Arrow ya laki tisa ukiivua sanduku na mota inabaki Long John. Vita vya pili vilipofika na petroli ikaadimika, hao vijana ndio walibeba mji. Mwaka 1942 wakaanza kushindana mbio wakiwa na mizigo, na mashindano yakadumu hadi 1960. Kufikia hapo vani zilikuwa zimewanyang'anya kazi.

Watoto waliingia kwa sanduku baadaye sana. Mwaka 1971 watu walivamia kambi ya jeshi iliyoachwa hapo hapo Copenhagen, wakaiita Christiania, na magari wakayapiga marufuku. Sasa kama hakuna gari, gesi na chakula na mtoto utavibeba na nini? Mwaka 1984 fundi mmoja wa huko, Lars Engstrøm, akamuundia mkewe Annie baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele. Majirani wakaitaka. Ndiyo hiyo Christiania Bike ambayo leo inapeleka watoto shule Copenhagen nzima. Hakuna mtu wa matangazo aliyekaa ofisini akaibuni.

Lakini Uholanzi ndiyo stori inayonikaza koo. Tumezoea kufikiri Waholanzi walizaliwa na njia za baiskeli. Zii. Miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wanabomoa mitaa kupisha magari, kama tu sisi. Mwaka 1971 pekee barabara zao ziliua watu kama 3,300, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake barabarani, akaandika makala yenye kichwa kinachomaanisha "Komesheni Mauaji ya Watoto". Kichwa hicho kikawa jina la vuguvugu. Wazazi walifunga mitaa na watoto wakacheza katikati ya barabara. Mwisho wa 1973 mafuta yakapanda bei, serikali ikatangaza Jumapili za bila magari, na watu wakaona kwa macho yao mji ulivyo ukinyamaza. Njia za baiskeli zilizotengwa na magari zikaanza kujengwa kwa wingi baada ya kelele hizo zote.

Ni baada ya hapo, karibu mwaka 2000, ndipo mbunifu Maarten van Andel aliichukua ile mifupa ya Long John na kuitengenezea sanduku la mbao la watoto, lenye benchi na mikanda. Mfuatano huo ni muhimu: barabara kwanza, baiskeli ya familia baadaye.

Mota ikaja kumaliza kazi. Urban Arrow ilianza mwaka 2010 ikiwa na mota tangu mwanzo, na ilibidi, kwa sababu chombo chenyewe ni kama kilo 50 kabla hujaweka mtoto. Sheria ya Ulaya inaruhusu mota ya wati 250, na msaada unakatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Si pikipiki.

Sasa, unalipia nini hasa? Mwezi wa pili 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa Uholanzi iliamuru Babboe, chapa iliyopendwa na familia kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu, iache kuuza baiskeli zake. Fremu zilikuwa zinaweza kukatika. Fikiria fremu inakatika na watoto wako mbele yako, chini, usawa wa bampa za magari. Maelfu ya wazazi waliambiwa waziegeshe tu. Kwa hivyo mtu wa Utrecht akiniuliza, nitamwambia asianze na kioo cha dijitali wala rangi. Aulize fremu ilijaribiwa kwa uzito gani. Aangalie breki, ziwe za diski za kutumia mafuta, kwa sababu kilo 150 zikiteremka daraja haziombwi kwa upole. Mota ikae kwa pedali ili itumie gia. Ya kwenye gurudumu ni rahisi, lakini mlima mrefu na mzigo inachemka. Kisha aamue: sanduku mbele, au keria ndefu nyuma.

Hiyo ya keria ndefu, tuongee. Kuna kampuni ya California, Yuba, iliyouza baiskeli ya familia ya aina hiyo ikaiita Boda Boda. Manze, Boda Boda! Jina lilitoka Busia, kwa vijana waliovusha watu mpakani kwa Black Mamba, abiria ameketi kwa keria yenye mto. Hapa kwetu chombo hicho tulikiona cha mtu aliyekosa. Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, nduthi zikamwagika, na baiskeli ikarudi kubeba mitungi ya maji. Sina ubaya na nduthi, zimelisha watu wengi. Lakini mathe wa California akinunua "Boda Boda" kumpeleka mtoi shule, ananunua kitu ambacho mama wa Busia alikuwa anakipanda zamani.

Na hata ukiwa na hiyo laki tisa leo, utaiendesha wapi? Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera inayotenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Iko kwa karatasi, isomeni. Halafu nendeni Ngong Road saa kumi na moja jioni, msimame kwa ile njia ya baiskeli, mhesabu nduthi zinazopita ndani yake.