Upotevu wa data katika nodi ya Storj

Nodi ya Storj, mtandao wa kuhifadhi mafaili kwenye diski za waendeshaji wengi, hupoteza data pale vipande ambavyo mtandao unahesabu kuwa vimo katika diski ya mwendeshaji vinapokosekana au kusomeka vibaya. Mwenye faili kwa kawaida hajui lolote. Mtandao hutumia usimbaji wa Reed-Solomon, uliobuniwa mwaka 1960: katika mpangilio uliojulikana zaidi, kila sehemu ya faili iligawanywa vipande 80 vilivyotawanywa kwenye nodi mbalimbali, na 29 vyovyote vilitosha kuirudisha. Hasara humwangukia mwendeshaji. Seva za uratibu, ziitwazo setilaiti ingawa haziko angani, huomba kijisehemu cha kipande hiki au kile bila taarifa. Majibu huunda alama ya ukaguzi. Ikishuka chini ya asilimia 96, nodi hufungiwa na fedha ilizowekewa amana hupotea.

Kwa hiyo upotevu ukishukiwa, hatua ya kwanza ni kuizima nodi. Kutokuwa hewani siku moja mbili huvumilika, lakini kujibu kwamba kipande hakipo huhesabiwa papo hapo.

Chanzo cha kawaida si diski kufa. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta huwaka kabla diski ya nje haijatambuliwa, na programu hukuta folda tupu. Ndiyo sababu ndani ya folda ya data huwekwa faili dogo la uthibitisho. Lisipoonekana, nodi hukataa kuwaka. Ukaidi huo ni ulinzi. Anayeuvunja kwa kuanzisha upya usanidi huiruhusu nodi ijibu ikiwa mikono mitupu, na hapo alama huporomoka ilhali data yote iko salama pembeni.

Hifadhidata ndogo za SQLite za nodi zikiharibika, wageni wa kazi hii hudhani mambo yameisha. La: humo mna takwimu za nafasi na matumizi, na zinaweza kuundwa upya.

Diski yenyewe ikishukiwa, kebo na umeme wake hukaguliwa kwanza, kisha taarifa za SMART, yaani za diski kujikagua yenyewe. Inayoanza kufa hunakiliwa kwa programu ya ddrescue kabla ya kurekebishwa, na fsck, programu ya kurekebisha mfumo wa mafaili, huendeshwa juu ya nakala. Kwenye mfumo wa mafaili wa ext4, mafaili yaliyopoteza njia huishia folda ya lost+found yakiwa na namba badala ya majina, hivyo nodi haiwezi kuyapata hadi yarudishwe mahali pake.

Nakala akiba, kimbilio la kila fundi, hapa haifai. Ya wiki iliyopita haina vipande vilivyopokelewa tangu hapo, na ukaguzi utaviulizia. Upungufu ukiwa mdogo, nodi huwashwa tu: kaguzi chache zitafeli, nyingi zitapita. Kila setilaiti ina alama yake, kwa hiyo nodi iliyofungiwa na moja inaweza kuendelea kuzihudumia nyingine.