Ukungu Katika Machimbo ya Dhahabu

Somo letu la leo ni habari za ukungu, au kuvu. Kila mtu ameuona juu ya mkate uliolala au ubao uliokaa penye unyevu. Wengi hudhani kazi yake ni kuharibu vitu tu. Lakini uko ukungu unaoishi katika udongo na miti inayooza, nao ukipata njia huingia mwilini mwa mtu.

Mwaka 1898, huko Baltimore, Marekani, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Benjamin Schenck alieleza habari za mgonjwa mwenye vidonda mkononi vilivyoletwa na ukungu. Ugonjwa huo huitwa sporotrikosisi. Mtu akichomwa na mwiba au kibanzi chenye ukungu huo, hutokea kivimbe kidogo. Kisha hupasuka kuwa kidonda, na vingine hufuatana kuupanda mkono, kama shanga katika uzi.

Kati ya mwaka 1941 na 1944 ugonjwa huo uliwapata wachimbaji karibu 3,000 katika machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika ya Kusini. Je, ulitoka wapi? Madaktari walipachunguza mahali pa kazi. Chini ya ardhi mlikuwa na joto na unyevu mwingi, na miamba ilizuiwa kwa nguzo za miti isiwaangukie watu. Juu ya nguzo hizo ulionekana ukungu ule ule. Mchimbaji alipojikwaruza kwenye nguzo, ukungu uliingia penye mchubuko. Basi, nguzo iliyowekwa kumlinda ndiyo iliyomtia ugonjwa.

Yalifanywa mambo mawili. Wagonjwa walinyweshwa dawa ya potasiamu iodidi, wakapona. Nguzo nazo zilitiwa dawa ya kuua ukungu, na ugonjwa ukakoma. Kama wangalitibiwa watu tu na nguzo zikaachwa, mtu angalitoka hospitali akarudi kwenye nguzo ile ile, akaugua tena.

Ugonjwa huu ungalipo katika nchi nyingi zenye joto, na dawa zake zipo. Ukichubuliwa na mti au mwiba, osha jeraha kwa maji na sabuni. Kidonda kisichopona, usikifiche. Nenda kwa mganga wa hospitali, umweleze na kazi unayoifanya.

Maswali:
1. Ukungu uliingiaje mwilini mwa wachimbaji?
2. Kwa nini nguzo zilitiwa dawa?