Kinyonga Alisafiri, Ukungu Ukabaki Uluguru

Mwaka 1926 Arthur Loveridge, aliyekuwa amerudi Tanganyika akitokea Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipanda Milima ya Uluguru kukusanya wanyama wa jumba la makumbusho. Morogoro, iliyo chini ya milima hiyo, haikuwa ngeni kwake. Alikuwa amepigana Afrika Mashariki upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akafanya kazi ya msaidizi wa bwana nyama. Safari hii alizunguka vijiji vya milimani kama Nyange na Bagilo, akakusanya vyura, nyoka, mijusi na vinyonga. Mwaka 1928 yeye na mwenzake wa Harvard, Thomas Barbour, walichapisha kazi kubwa iliyolinganisha wanyama hao wa Uluguru na wale wa Usambara.

Wajerumani walikuwa wametangulia. Mwaka 1899 Gustav Tornier, mtaalamu wa Berlin, alikuwa ameshamwandika kinyonga mwenye pembe tatu ambaye leo kitaalamu anaitwa Trioceros werneri. Loveridge naye, mwaka 1957, alimpa kinyonga mwingine wa milima hii jina la uluguruensis. Orodha ikazidi kurefuka: mwaka 1988 akaandikwa oxyrhina, mwenye pua iliyochongoka, na mwaka 1996 akafuata kinyonga mbilikimo wa sakafu ya msitu, Rhampholeon uluguruensis.

Kazi hiyo yote ilikuwa na pengo moja ambalo wakati ule hakuna aliyelijali. Wanyama wa makumbusho hutiwa kwenye chupa za pombe kali, na aliyemo kwenye chupa haulizwi anakunywaje maji wala analala kwenye baridi kiasi gani. Sayansi ilijua idadi ya magamba ya kinyonga wa Uluguru muda mrefu kabla ya kujua namna ya kumweka hai kwa mwezi mmodi.

Watu wa Morogoro hawakuhitaji kujua hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kutaka kumfuga. Kinyonga anaogopwa. Wapo wanaoapa kwamba ana sumu, ingawa hana hata tone. Wapo wasiotaka kumgusa kwa sababu ya macho yake, kila moja likitazama njia yake. Katika jamii nyingi za Kibantu husimuliwa pia kisa cha kinyonga aliyetumwa kuwapelekea wanadamu habari ya uzima wa milele, akajikokota mpaka mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Mnyama mwenye historia kama hiyo hawekwi sebuleni.

Ughaibuni mambo yalikuwa mengine. Kuanzia miaka ya 1970 wanunuzi wa Marekani na Ulaya walianza kuwatafuta vinyonga kwa wingi, na wenye pembe ndio waliopendwa zaidi. Kenya ilikuwa chanzo kikuu cha kinyonga wa Jackson, mmoja wa hao wenye pembe, mpaka mwaka 1981, ilipopiga marufuku usafirishaji wake wa kibiashara. Mlango wa Kenya ulipofungwa, wa Tanzania ulikuwa bado wazi, na nchi yenye Usambara, Nguru, Uluguru na Udzungwa ilikuwa na vinyonga wengi wa kuuza.

Kinyonga hukamatwa kwa urahisi usiku. Akishalala ngozi yake hupauka, naye hupenda kulala kwenye ncha ya tawi, hivyo mwanga wa tochi humwonyesha waziwazi kati ya majani. Mkamataji humchuma tu. Kutoka hapo mnyama alipita kwa dalali, akafika kwa msafirishaji mwenye kibali jijini Dar es Salaam, akatiwa kwenye kifuko cha kitambaa, kisha ndani ya sanduku la ndege. Njia ilikuwa ndefu na maji yalikuwa haba. Mwanakijiji aliyeanzisha mnyororo huo alipata pesa ndogo kuliko wote waliomfuata.

Alipofika kwa mnunuzi, taabu ya pili ilianza.

Duka lilimwuza kama mjusi yeyote: tangi la kioo, taa kali ya joto, bakuli la maji. Kwa kinyonga wa Uluguru huo ni mpango wa kumwua taratibu. Vinyonga kwa kawaida hawanywi kwenye bakuli; hulamba umande na matone yaliyoshika kwenye majani. Ndani ya kioo hewa haizunguki, na anaweza kusumbuliwa na taswira yake mwenyewe akidhani ni mpinzani, kwa maana hawa ni wanyama wasiovumilia jirani. Waliotoka porini walibeba pia minyoo. Mnyama mwenye nguvu huishi nayo, lakini kiu na hofu vikimdhoofisha, minyoo humaliza kazi. Macho yakishadidimia ndani ya kichwa, maji yamekwisha mwilini. Wanunuzi wengi waliiona dalili hiyo bila kuijua maana yake.

Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea Hawaii, na kilitokea kwa bahati tu. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama wa eneo la Kaneohe, kisiwani Oahu, aliagiza makumi kadhaa ya vinyonga wa Jackson kutoka Kenya. Walifika wamekonda na wamekaukiwa maji, akawaachia katika bustani yake wajirudishie afya. Hawakujirudisha tu: walitawanyika, wakazaana, na leo ni wageni wa kudumu wa visiwa vile, wanaolaumiwa kwa kula wadudu na konokono wa asili. Kwa ikolojia ya Hawaii hilo ni balaa. Kwa mtu aliyetaka kujua kinyonga wa milimani anahitaji nini, jibu lilikuwa limelala pale bustanini: mvua, upepo, majani, usiku wa baridi. Taa kali haikuwamo.

Jibu hilo lilichelewa kusikika. Katika miaka ya 1990 kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus, alianza kuzalishwa kwa wingi mikononi mwa wafugaji. Ni mnyama mgumu, anayestahimili joto na makosa ya mfugaji. Akawa kinyonga wa kila duka, na maelekezo yake yakawa maelekezo ya vinyonga wote. Aliyenunua werneri wa Uluguru alipewa ushauri wa Yemen.

Tofauti kati ya hao wawili ni kubwa. Mji wa Morogoro, ule unaoitwa mji kasoro bahari, uko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kinachoutazama kinafika mita 2,138. Kusini kuna Kimhandu na uwanda wa Lukwangule, ambako ardhi inapita mita 2,400. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Upande wa mashariki, unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mji uliopo upande wa pili hauipati hata nusu yake. Werneri anaishi ndani ya ukungu wa miteremko hiyo. Hata uzazi wake unalingana na baridi: jike hatagi, huzaa watoto hai, kwa hiyo mayai hukua tumboni mwake huku akiota jua mchana, badala ya kufukiwa kwenye udongo wa baridi. Kumweka mnyama huyo kwenye nyuzi 30 usiku na mchana ni ukatili, hata kama mfugaji anampenda.

Kulikuwa na kosa lingine, la majina. Kwa miongo mingi vinyonga wa pembe mbili wa Tanzania walisafirishwa chini ya jina moja, fischeri. Mwaka 2006 Colin Tilbury na wenzake waliunda jenasi ya Kinyongia, na miaka miwili baadaye wataalamu wakatenganisha rasmi vinyonga wa pembe mbili wa Afrika Mashariki. Ikabainika kwamba fischeri wa kweli ni wa milima ya Nguru na Nguu, na wale wa Usambara ni spishi nyingine kadhaa. Vibali, viwango vya mauzo na maelekezo ya ufugaji vilikuwa vimeandikwa kwa jina la mnyama mmoja huku masandukuni wakiwamo wengine.

Wafugaji makini ndio walioanza kusahihisha mambo. Huko California, Ardi Abate alihariri jarida la Chameleon Information Network, ambamo wafugaji na madaktari wa mifugo waliandika walichokiona: nani alikufa, kwa nini, na daktari alikuta nini alipompasua. Mtaalamu wa Kicheki Petr Nečas alisisitiza, na bado anasisitiza, kwamba mtu aanze kwa kusoma hali ya hewa ya mahali mnyama alipotoka. Ushauri unaotolewa leo umejengwa juu ya kazi ya watu hao. Kinyonga mmoja, kizimba kimoja cha wavu. Mimea hai. Manyunyu alfajiri, ukungu usiku, na joto linaloshuka giza likiingia. Taa ya urujuanimno ili mwili utengeneze vitamini D na kutumia kalsiamu. Nyenje walishwe vizuri kabla ya kuliwa. Na la kwanza kabla ya yote: usinunue aliyekamatwa porini. Ukiyasoma maelekezo hayo kwa makini, utaona yanaelezea asubuhi moja ya kawaida katika vijiji vya Uluguru kama Bunduki au Nyandira.

Ushauri bora ulikuja baada ya madhara kutendeka, na mtu asidhani madhara hayo yaliishia vizimbani. Mfano mbaya kuliko wote unamhusu jirani wa kinyonga, yule mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, chini ya miteremko ya mashariki ya Uluguru. Loveridge alimwandika mwaka 1952 kwa jina la Lygodactylus williamsi. Anaishi juu ya mikadi, katika vipande vichache tu vya msitu duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi isiyopungua 32,310, na huenda ikafikia 42,610. Mikadi mingine ilikatwa ili mijusi iliyojificha juu ifikiwe. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mjusi huyo akiwa wa porini imepigwa marufuku na mkataba wa CITES. Vinyonga wakubwa walikuwa wameingizwa kwenye mkataba huo tangu 1977, lakini katika kundi linaloruhusu biashara kwa vibali. Vinyonga mbilikimo wa Tanzania walisubiri hadi 2017.

Machi 2016, wakati wa sakata la tumbili waliokuwa wakisafirishwa kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, Waziri wa Maliasili na Utalii, Jumanne Maghembe, alisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Wafanyabiashara walilalamika kwamba walikuwa na vibali halali na wanyama mikononi, na malalamiko hayo hayakuwa ya bure. Juni 2022 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ilitangaza kuwapa miezi sita wamalize shehena zao. Kelele zikazuka, na Waziri Pindi Chana akalizuia tangazo hilo karibu papo hapo.

Magendo hayakungoja tangazo. Januari 2021 maofisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, walifungua mzigo wa mtu aliyetokea Tanzania kupitia Ethiopia, wakakuta vinyonga 74 wa milima ya Usambara ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Watatu walikufa. Waliobaki walipelekwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn, kwa watu wanaojua baridi na ukungu wa kinyonga ni wa kiasi gani.

Vinyonga wa aina hiyo wakikamatwa kesho Dar es Salaam au Morogoro, mwongozo wa kuwatunza unapaswa kuwa mezani tayari, tena kwa Kiswahili. Makao makuu ya TAWA yako Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine, chenye madaktari wa mifugo na wataalamu wa wanyamapori, kiko Morogoro. Mlima wenyewe unaonekana kutoka madirishani mwao, na vijiji vyake vimejaa watu waliowahi kuwakamata vinyonga hawa na wanaojua kila tawi wanakolala. Taasisi hizo mbili zikae na watu hao, zipime joto na unyevu wa miteremko mwezi kwa mwezi, ziandike mwongozo mfupi wa kumtunza kinyonga aliyeokolewa na wa kumrudisha mahali alipotoka. Na wewe msomaji, ukimkuta barabarani, mvushe kwa kijiti umwache aende: hang'ati mtu asiyemchokoza, hana sumu, na kumkamata bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.