Malenga wasio na diwani: Ufipa katika historia ya ushairi

Ukifuata washairi wa Tanzania Bara wanaotajwa sana vitabuni, utaanzia Tanga kwa Shaaban Robert, upite Dodoma kwa Mathias Mnyampala, ufike Ujiji kwa Kaluta Amri Abedi na Saadani Kandoro, kisha upande hadi Ukerewe kwa Euphrase Kezilahabi. Kusini ya Ujiji, katika nchi ya Ufipa, kuanzia Karema hadi Sumbawanga na Matai, hutajiwi mtu. Pengo hilo limezoeleka hata likageuzwa ushahidi: Wafipa ni wakulima hodari na walikuwa mafundi wa chuma, lakini ushairi si wao. Makala haya yanashikilia kwamba pengo hilo linatueleza karatasi ilipita wapi, wala halisemi lolote kuhusu kipaji.

Ujiji yenyewe yatosha kuwa mfano. Amri alizaliwa huko mwaka 1924 na Kandoro mwaka 1926, katika mji ambao misafara ya kutoka Bagamoyo ilikuwa imeufikishia Kiswahili tangu karne ya 19, na ambao ulipata reli jirani yake, Kigoma, mwaka 1914. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 na kuchapisha mashairi ya wasomaji, aliyekuwa karibu na posta na mwenye Kiswahili cha kusoma aliweza kujulikana nchi nzima bila kutoka kwao. Dodoma ya Mnyampala nayo iko kwenye reli hiyo hiyo. Ufipa haikupitiwa na reli. Kusoma kulikuja kwa mapadre wa White Fathers, waliochukua kituo cha Karema mwaka 1885, na kilichosomwa kwanza kilikuwa katekisimu na sala. Shule ile ililea waumini na makatekista. Kutafuta malenga haikuwa kazi yake.

Na tungo zilikuwapo. Chuma cha Ufipa kiliyeyushwa katika ilungu, tanuri la udongo refu kuliko mtu, lililopambwa na kutendewa kama bibi harusi, na kazi hiyo ilikuwa na nyimbo zake. Nyimbo za namna hiyo hufungamana na kazi. Chuma cha dukani kilipoyazima matanuri katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, nafasi ya kuziimba nayo ikatoweka. Mwanaanthropolojia Roy Willis alipochapisha kitabu chake juu ya sanaa ya kusemwa ya Wafipa mwaka 1978, kilitoka Oxford, kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Matai angekipatia wapi?

Mtetezi wa vina na mizani atasema wimbo wa tanuri si shairi. Lakini Amri, ambaye kitabu chake cha sheria za utunzi kilitoka mwaka 1954, ndiye aliyesisitiza kwamba shairi ni wimbo na lazima liimbike. Na tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina yamesomwa na kutahiniwa kama mashairi. Hatuwezi kumfungulia msomi wa Chuo Kikuu mlango huo, kisha tukamfungia mfua chuma.

Pingamizi zito zaidi ni la jina: mshairi ni mtu mwenye maisha yanayojulikana, na wimbo wa jamii hauna mwenyewe. Kanuni hiyo ingekuwa ya haki kama ingetumika kwa wote. Fumo Liyongo tunamhesabu kuwa mshairi, ilhali wataalamu hawajakubaliana hata karne aliyoishi, na utendi maarufu wa maisha yake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Tazama pia Kagera. Habibu Selemani alikuwa mwimbaji wa tenzi kwa Kihaya, akiimba kwa enanga, ala ya nyuzi, naye ana jina katika fasihi ya nchi hii kwa sababu M. M. Mulokozi, mwenyeji wa huko huko, alizifanyia tenzi za enanga utafiti wa shahada ya uzamivu, akaukamilisha mwaka 1986. Bila mtafiti huyo, Habibu naye angeitwa “jamii”.

Lipo jambo moja la kukubali. Kifipa si Kiswahili, na historia ya ushairi wa Kiswahili haina deni la kusimulia tungo za Kifipa. Ila vitabu vyetu huteleza kirahisi kutoka “ushairi wa Kiswahili” hadi “ushairi wa Tanzania”, na hapo ndipo Ufipa inapofutwa. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilimbidi aitafsiri mwenyewe ndipo ichapwe kwa Kiswahili mwaka 1980. Alikuwa na muswada mkononi. Mtunzi wa Kifipa, au wa lugha za jirani za Kilungu na Kimambwe, anayeimba harusini au kwenye pombe ya kulimiana hana hata huo, na kumsubiri ajitafsiri ni kumsubiri bure. Tangu mwaka 2012 Matai ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, na halmashauri huwa na afisa utamaduni. Kinasa sauti, daftari la kuandika jina la mtunzi, kijiji chake na shughuli aliyoitungia wimbo, kisha maneno yenyewe kwa Kifipa na Kiswahili pembeni: kazi hiyo ingeweza kuanza kwa wazee walio hai, kabla ya kugombania nani aitwe mshairi.