Nguo ya Kiunoni kwa Wanaume wa Pwani ya Kilwa na Lindi

Mwalimu atokaye bara, akishuka mara ya kwanza Kilwa Kivinje au Lindi, huona jambo moja limshangazalo. Jioni, jua likipungua ukali, wanaume watu wazima wenye heshima zao huketi barazani wamevaa nguo isiyo na miguu miwili, iliyozungushwa kiunoni ikashuka hata karibu na vifundo. Huwaona wavuvi wamevaa hivyo hivyo, na wazee waendao sokoni, na vijana wakienda kisimani kuoga. Naye, kwa kuwa amezoea suruali tangu shuleni, huuliza kwa kicheko: "Mbona wanaume wa huku huvaa sketi?"

Swali hili ni dogo, walakini linastahili jibu. Maana mwalimu ni mtu wa kusikilizwa, na kicheko chake hakiishi barazani. Watoto hukichukua hata nyumbani, wakaanza kumtazama baba kwa jicho jingine. Basi yafaa tuchungue vazi hili lilitoka wapi, lilikuwa na maana gani zamani, na kwa nini hata likaanza kuonewa haya.

Kwanza tuangalie majina, kwa kuwa majina hufundisha. Mpwani halijui vazi hili kwa jina la sketi. Neno hilo limetoka kwa Waingereza juzi juzi, nalo ni la vazi la kike. Yeye husema shuka, yaani nguo nyeupe isiyoshonwa. Au kikoi, nguo nyeupe yenye taraza za rangi ubavuni na matamvua miishoni. Au msuli, nguo ya mirabaraba na rangi nyingi. Au saruni, jina lililotoka mbali kwa Wamalai. Kila moja lina mahali pake. Hata namna ya kufunga ina maneno yake. Mwanamume huzungusha nguo, akazikutanisha ncha mbele, akazipindia kiunoni kwa mkunjo ulio imara. Akiwa na kazi ya kukokota jarife au kupanda mnazi, hupitisha nguo katikati ya miguu akaichomeka nyuma, na huko ndiko kupiga winda. Kazi ikiisha, huishusha tena. Hivyo nguo moja yamtumikia mtu mchana kazini, jioni barazani, na usiku kitandani.

Sasa tutazame habari za kale. Katika masimulizi ya Kilwa yenyewe, nguo imo tangu mwanzo wa mji. Habari zile zasema kwamba wageni Washirazi walipofika walimkuta mwenye kisiwa, nao wakakinunua kwake kwa nguo za rangi, kiasi cha kukizunguka kisiwa chote. Kama mambo yalikuwa hivyo hasa au sivyo, si neno letu leo. Lililo wazi ni kwamba watu waliosimulia habari hii waliona nguo kuwa thamani itoshayo kununulia nchi. Tena wataalamu waliochimba magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1950 na 1960, wakiongozwa na Neville Chittick, waliokota vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi za pamba. Basi watu wa Kilwa hawakuwa wakingoja nguo za ng'ambo tu. Nyuzi walisokota wenyewe.

Msafiri Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mogadishu aliletewa mavazi ya heshima, na katika hayo kulikuwa na kitambaa cha kufunga kiunoni mahali pa suruali, kwa sababu, asema, watu wa huko hawakuzijua suruali. Juu yake palivaliwa nguo ndefu, na kilemba kichwani. Tuangalie vema: hiyo ilikuwa zawadi ya kumpa mwanachuoni mgeni, wala si vazi la fukara. Kisha akafika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu'l-Mawahib kwa ajili ya ukarimu wake. Asimulia kwamba maskini mmoja wa Yemen alimwomba Sultani nguo zile zile alizozivaa mwilini, akitoka msikitini siku ya Ijumaa. Sultani akaingia nyumbani mwa khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa maskini zile za kwanza. Habari hii yatuonyesha nguo ilikuwa nini katika mji ule: ilikuwa heshima ya mtu mwenyewe, na kuitoa kulikuwa kutoa sehemu ya heshima hiyo.

Baada ya miaka karibu 175 walikuja Wareno. Francisco d'Almeida aliuteka mji wa Kilwa mwaka 1505, na Mjerumani mmoja aliyekuwa katika merikebu zile, Hans Mayr, aliandika aliyoyaona. Aeleza kwamba watumwa walivaa nguo tangu kiunoni hata magotini, na mwili uliobaki ulikuwa wazi. Bali mabwana zao walivaa nguo mbili za pamba: moja kiunoni ikifika miguuni, na ya pili ikining'inia mabegani.

Maneno haya machache yana faida kubwa. Yatuonyesha kwamba Kilwa ya zamani ilikuwa na kipimo chake cha heshima katika mavazi ya wanaume, nacho hakikuwa suruali. Kilikuwa urefu wa nguo. Nguo fupi ya magotini ni ya mtumwa. Nguo ndefu ya miguuni ni ya muungwana. Bwana na mtumwa wote wawili walijifunga kiunoni. Tofauti yao ilikuwa shubiri chache za kitambaa, na upande wa pili wa kufunika mabega.

Tena vazi lile la nguo mbili lafanana na vazi la mahujaji wanaume huko Makka hata leo, yaani izari ya kiunoni na rida ya mabegani, zisizoshonwa. Mwanamume akiwa katika ihramu, suruali humkatazwa. Basi kwa watu wa Kilwa, walio Waislamu tangu kale, nguo ya kiunoni haikuwa ya kuonea haya; ndiyo nguo ambayo mtu huvaa katika safari iliyo kuu kuliko zote.

Karne ya 19 ilileta nguo nyingi zaidi. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za mji wa Salem zikaleta nguo nyeupe ngumu ambayo hata leo jina lake ni merikani. Vita vya Wamarekani vya mwaka 1861 hata 1865 vilipopunguza nguo hizo, za Bara Hindi zilipata nafasi, na kaniki, ile nguo nyeusi ya nili, ilikuwa imekwisha kuenea. Kilwa Kivinje ilikuwa mlango wa biashara hiyo, nayo, kwa huzuni, ilikuwa pia mlango mkuu wa biashara ya watumwa. Misafara ya Wayao ilishuka na pembe na watu, ikapanda na nguo. Kasisi Yohanna B. Abdallah, Myao, aliyeandika habari za kabila lake katika kitabu kilichochapwa mwaka 1919, ameeleza jinsi watu wake, waliokuwa wakivaa magome ya miti, walivyoingia katika biashara hiyo ya nguo za pwani.

Katika miji, mtumwa alijulikana kwa merikani au kaniki, na kwa kutovaa kofia wala viatu. Muungwana alivaa kikoi, na juu yake kanzu, na kofia au kilemba. Hapo tena kipimo ni kile kile cha mwaka 1505: anayefunikwa zaidi ndiye mwenye heshima zaidi. Ndiyo maana watu waliotoka utumwani walikimbilia kanzu na kofia. Utumwa ulipofutwa kabisa katika Tanganyika mwaka 1922, kanzu ilikuwa imekwisha kuwa vazi la kila mwanamume awezaye kuinunua. Wala kikoi hakikutupwa. Kilikaa chini ya kanzu, mahali pa suruali, kama vile Ibn Battuta alivyopewa.

Nasi watu wa misheni tumo katika habari hii. Askofu Edward Steere alipotoka Lindi mwaka 1876 kwenda kuwakalisha Masasi watu waliookolewa katika utumwa, misheni yake ya UMCA haikutaka kuwageuza Waafrika kuwa Wazungu wa mavazi. Walimu wake wa kwanza walivaa kanzu. Suruali na kaptula zilienea kwa njia nyingine hasa: kwa jeshi la Wadachi, kisha la Waingereza, kwa afisi za serikali, na kwa shule. Suruali ikawa alama ya mshahara na kalamu. Na kila kitu kikiwa alama ya cheo, kilicho kinyume chake huwa alama ya unyonge. Hivyo kikoi, ambacho mabwana wa Kilwa walikivaa kwa fahari, kikaanza kuitwa nguo ya wasiosoma. Haya hazikuwa za pwani peke yake. Mwaka 1968, nchi ikiwa huru, wakuu wa serikali waliwahimiza Wamasai kwa nguvu waache rubega wavae suruali, kana kwamba maendeleo yamo katika mishono ya nguo.

Lakini tukirudi katika kipimo cha wazee, twaona kioja. Kwa sheria ya Kishafii, ifuatwayo na Waislamu wa pwani hii, sehemu ya mwili wa mwanamume ipasayo kusitiriwa ni tangu kitovu hata magoti. Kikoi chafunika hayo yote na zaidi. Kaptula huacha goti wazi, nalo goti wazi, kama tulivyoona, lilikuwa alama ya mtumwa. Basi kijana wa kaptula amchekapo mzee wa msuli, kwa hesabu ya mji ule ni mtumwa amchekaye bwana. Wala hatusemi hayo ili kuitukana kaptula, bali kuonyesha kwamba kicheko hiki hakina mizizi katika nchi.

Wako wasemao: Je, Torati haikumkataza mwanamume kuvaa mavazi ya mwanamke (Kumbukumbu la Torati 22:5)? Imekataza. Walakini haikusema kwamba nguo isiyo na miguu miwili ni ya mwanamke. Wanaume wa Israeli nao walivaa kanzu na mishipi. Nguo ipi ni ya kiume na ipi ni ya kike, hilo huamuliwa na watu wa mahali, na wapwani wameliamua kwa uangalifu. Mwanamke ana kanga, yenye pindo pande zote, mji katikati, na jina lake lililoandikwa. Huinunua doti, huifunga kifuani au kiunoni, na ya pili hujitanda. Mwanamume ana kikoi na msuli, navyo huvifunga kiunoni tu. Kwa macho ya mgeni vyote ni vipande vya nguo vyenye pembe nne. Kwa macho ya mwenyeji tofauti ni kama mchana na usiku. Mume aweza kujifunga kanga ya mkewe ndani, akienda kuoga. Akitoka nayo hata sokoni, mji mzima utasema. Akitoka na msuli, hapana atakayegeuza shingo. Basi kama ni kuchunga mpaka wa kiume na wa kike, wapwani huuchunga. Ila mpaka wao haupiti pale mgeni anapodhani.

Historia ya nchi nyingine yathibitisha hayo. Mwishoni mwa karne ya nne wafalme wa Roma walikataza watu kuvaa suruali ndani ya mji wao, kwa kuwa ziliitwa vazi la washenzi. Na Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1746, waliwakataza wanaume wa milima ya Scotland kuvaa nguo yao ya kiunoni, hata sheria ikafutwa mwaka 1782. Leo huivaa kwa fahari arusini. Wala tusisahau kwamba kasisi mwenyewe, asimamapo madhabahuni, huvaa kanzu ifikayo miguuni, na hapana mkristo amwambiaye kwamba amevaa sketi.

Hatusemi kwamba mwalimu aingie darasani na msuli. Wenyeji wenyewe hawafanyi hivyo; wanajua nguo ya baraza na nguo ya afisi, nguo ya bahari na nguo ya ibada. Hata kijana avaaye suruali mchana kutwa, akirudi nyumbani huivua akajifunga msuli, akasema sasa amepumzika. Na mvulana akitahiriwa, suruali huwekwa kando. Nguo ya kuzungushwa ndiyo imfaayo hata apone. Kwa hiyo kila mwanamume wa pwani ameingia utu uzima akiwa amevaa vazi hili.

Tusemalo ni hili. Mzee akija kanisani na kikoi safi kilichofika vifundoni, asizuiwe mlangoni na kijana wa zamu ati hakuvaa nguo. Amevaa, tena kwa namna iliyo na umri wa miaka mia saba katika nchi hii. Na mtoto akimcheka baba yake, mwalimu asicheke naye, bali amfundishe majina: shuka, kikoi, msuli, taraza, matamvua, winda. Wenyeji husema, akomelepo mwenyeji, mgeni koma papo. Mwalimu mgeni na akome hapo kwanza, aulize, ndipo afundishe.