Kiatu Kisicho na Msumari

Katambuga ina sifa zake. Soli ya tairi haiishi upesi, miba haipiti, na bei yake mchunga ng'ombe anaimudu. Lakini ishike uitazame ubavuni: kanda zimepigiliwa vimisumari. Kimoja kikilegea na kuchomoza ndani, wewe na mimi tutaruka kwenye hatua ya kwanza. Mwenye mguu wa ganzi atatembea nacho kutwa, na jioni akivua atakuta damu.

Mimi ni fundi wa viatu tiba. Ufundi nilisomea Moshi, katika chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1981. Katika yote niliyofundishwa, somo la msumari ndilo ninalolishika zaidi, na asili yake ni India ya kusini, kwa watu wenye ukoma.

Mwaka 1946 daktari mpasuaji Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India, alifika hospitali ya Vellore. Wakati ule hata madaktari wengi waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole na nyayo. Brand na wenzake waliona vingine. Ukoma huua mishipa ya fahamu. Nyama inayobaki ikipumzishwa hupona kama ya mtu yeyote. Wagonjwa wenye vidonda vya unyayo walifungwa hogo, ile plasta ngumu ya waliovunjika mifupa, na vidonda ndugu vya muda mrefu vikafunga. Hogo lilipoondolewa wakarudi kutembea kama zamani, vidonda vilirudi palepale. Kumbe kilichokuwa kikiula mguu ni hatua za mwenyewe.

Unyayo wenye hisia hujihami. Ukianza kuuma mahali, mtu huchechemea kidogo bila hata kufikiri, uzito ukahamia kwingine. Wa ganzi hukanyaga palepale, maelfu ya mara kwa siku. Kwa hiyo Vellore walitafuta kiatu cha kufanya kazi ambayo maumivu yameacha kuifanya. Walijaribu vingi, hadi wakaifikia raba yenye vijitundu vidogo vya hewa: laini kiasi cha kubonyea chini ya mfupa, imara kiasi cha kuinuka tena. Chini ya raba hiyo ikawekwa soli ngumu isiyopenyeka, na mara nyingi ikawa ya tairi lilelile la katambuga. Kanda zilishonwa na kugundishwa kwa gundi, bila msumari hata mmoja. Nyuma ukaongezwa mkanda wa kisigino, kwa sababu mwenye ganzi kiatu kikimvuka hana habari.

Mwaka 1966 Brand alihamia Carville, Louisiana, Marekani, kwenye hospitali nyingine ya ukoma. Huko aliwavalisha watu soksi zenye vidonge vidogo mno vya rangi. Penye mgandamizo mkubwa vidonge vilipasuka, na soksi ikaonyesha waziwazi mahali ambapo kidonda kingetokea. Ujuzi huo ukaanza kutumiwa kwa wagonjwa wa kisukari, maana kisukari nacho hutia miguu ganzi.

Leo wengi ninaowapima miguu ni watu wa kisukari. Wakijichagulia viatu wenyewe, mara nyingi huchukua kinachobana, kwa kuwa ndicho pekee wanachokihisi. Wengine huja na kiatu laini kama godoro, kilichouzwa kwa bei kubwa kwa jina la kiatu cha kisukari. Mimi hukibonyeza ndani kwa dole gumba: kikizama mpaka chini na kubaki hivyo, hakifai. Hunisikitisha kwamba hawajui elimu hii wanadaiwa na nani. Tumeipata kwenye nyayo za watu waliofukuzwa vijijini na kufungiwa makambini, na hadi leo wapo wasiotaka hata kukaa nao benchi moja.

Ukiwa na kisukari, au mzazi wako anacho, nunua kiatu jioni, miguu ikiwa imejaa. Kipime ukiwa umesimama, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kisha kila asubuhi, kabla ya kuvaa, tia mkono ndani upapase mpaka nchani: kokoto, mshono uliokunjika, ncha ya msumari. Kama macho ya mzee hayaoni vizuri, mpapasie wewe.