Jina Chini ya Picha

Goweko ni stesheni ndogo ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora. Anayetoka pwani huifikia baada ya Nyahua na kabla ya Igalula. Wajerumani waliifikisha reli Tabora mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914. Lakini watu walikuwa wakipita ukanda huu kikazi muda mrefu kabla ya mataruma kulazwa. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikapambana na pori la Mgunda Mkali, ikapumua Tura, ndipo ikaingia Unyamwezi kupitia Rubuga na Kigwa hadi Kaze, yaani Tabora. Kwa hiyo nchi hii imeona fani mbili kubwa zikipokezana: upagazi na kazi ya reli. Zote mbili zimepigwa picha, na picha hizo zikitazamwa pamoja zinaonyesha upungufu mmoja. Picha ya mtu kazini hukamilika kwa vitu vitatu: chombo chake cha kazi, mahali pake pa kazi na jina lake. Katika njia hii, kwa kawaida, kamera ilichukua viwili vya kwanza ikaacha cha tatu, na kwa sababu ya pengo hilo tumezoea kuona nguvu tu mahali palipokuwa na ujuzi.

Tuanze na upagazi, maana ndio unaodharauliwa zaidi. Ni kweli kwamba watumwa walikuwemo katika misafara, lakini Wanyamwezi wengi walioifanya kazi hii walipatana ujira na posho, wakajua uzito wa mzigo wao, kwa kawaida frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na wakajua umbali wa kila kambi na maji yake. Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aondoke pwani. Hakuwapenda wapagazi, na maandishi yake yamejaa dharau juu yao. Hata hivyo ni yeye huyo anayetueleza habari za kirangozi, yaani kiongozi wa msafara: alivaa joho jekundu lililotobolewa pa kupitisha kichwa, ngozi ya mbega na manyoya kichwani, akatangulia na bendera nyekundu huku mzigo wake ukiwa mwepesi kuliko wa wengine. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Aliyethubutu alichomolewa mshale kwenye podo lake, ili safari ya siku ile ikiisha ajulikane ni nani aliyevunja kanuni. Sare, cheo na kanuni yenye adhabu ni alama za fani yenye mpangilio wake, na shahidi asiyempenda mtu akimtaja kwa sifa hizo, ushahidi wake una uzito wa pekee.

Kamera ilikuwa wapi wakati huo? Ilikuwepo, lakini ilishindwa na safari. Msafiri James Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860 kabla ya kwenda bara na mwenzake Speke. Huko njiani aliachana na kamera akashika penseli na rangi. Sababu haikuwa uvivu. Kioo cha kupigia picha cha enzi hizo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kikiwa bado kibichi, na kazi ya kukipaka na kukisafisha ilifanywa ndani ya hema la giza katika joto la kuunguza. Mpagazi aliyeko mwendoni hakuweza kunaswa kwa njia hiyo. Hivyo baadhi ya picha zinazojulikana zaidi za watu wa njia hii zilipigwa Uingereza, mbali kabisa na mahali pao pa kazi. Mwaka 1871, huko Tabora, mwandishi wa habari Stanley alipewa mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu Mhali, akambadilisha jina na kumwita Kalulu. Mwaka uliofuata mtoto huyo alisimamishwa na bunduki nyuma ya Stanley katika studio ya London, kana kwamba wako porini. Tunalo jina chini ya picha hiyo, lakini ni lile alilopewa na bwana wake.

Mfano wa pili una funzo jingine. Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wa mmisionari Livingstone, waliyemtumikia, kutoka kijijini kwa Chitambo alikofia, wakapita Unyanyembe, eneo la Tabora, mwaka 1873 na kufika Bagamoyo mwaka 1874. Mwaka huohuo walipelekwa Uingereza, na huko Newstead Abbey walipigwa picha pamoja na Horace Waller na mabinti wa Livingstone, mbele yao karatasi na ramani za marehemu. Majina yao yameandikwa. Naamini yaliandikwa kwa sababu Waller, aliyekuwa akihariri shajara za mwisho za Livingstone, hakuweza kuifanya kazi ile bila kumbukumbu zao za njia, mito na tarehe. Ujuzi wao ulipohitajika, majina yao yalihitajika pia. Ujuzi wa maelfu ya wengine ulitumiwa vilevile, ila hakuna aliyekaa nao mezani na kalamu mkononi, ndiyo maana wamebaki wapagazi tu.

Vioo vikavu vilipoenea na reli ikaja, udhuru wa ufundi ulikwisha. Mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin alikuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akapiga picha za askari, wapagazi, mafundi, masoko na reli. Picha zake nyingi ziko katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, na tangu mwaka 2008 sehemu ya hazina ya picha za hifadhi hiyo imefunguliwa kwa umma kwenye intaneti. Mtanzania yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama. Ni picha safi, na mpigaji alikuwa fundi wa kweli. Tatizo liko kwenye maelezo: yanataja mahali, kabila au aina ya kazi, na ni nadra kumtaja Mwafrika kwa jina, ilhali mkuu wa Kizungu hutajwa na cheo chake. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Picha hizi zinatuonyesha chombo kikielea bila kututajia waundaji.

Kuna atakayesema kwamba ndivyo ulimwengu ulivyokuwa. August Sander wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1929 na katika kazi yake yote, aliwapiga picha Wajerumani wenzake wa kila tabaka, na wengi akawaandika kwa kazi zao tu. Mpishi wake maarufu wa keki, aliyesimama jikoni na bakuli lake mwaka 1928, ameitwa mpishi wa keki, basi. Hoja hii ni nzito, na inasaidia kuonyesha kwamba kuandika kazi ya mtu pekee si lazima iwe dharau. Lakini tuangalie tofauti. Mpishi yule amesimama peke yake katikati ya fremu, bakuli mkononi na macho kwenye kamera, akiwa bwana wa jiko lake. Picha ya msafara huwa na safu ya watu na mizigo, na mizigo ndiyo inayoonekana vizuri. Zaidi ya hapo, aliyetaka kumjua mpishi angeweza kuuliza mtaani. Picha za huku zilisafirishwa hadi Berlin au London, ambako hapakuwa na jirani wa kuulizwa.

Wala lawama hii haiishii kwa wageni. Tumejitawala tangu mwaka 1961, na bado tunaona magazetini picha ya kiongozi akitembelea karakana: yeye anatajwa kwa jina na cheo, na fundi anayemweleza mtambo unavyofanya kazi anaitwa "mfanyakazi". Tumerithi kamera pamoja na mazoea yake. Mtu anaweza kudai kwamba msomaji hana haja na jina la fundi. Najibu kwamba msomaji hujifunza nani ni wa maana kwa kuona nani anatajwa. Mtoto wa fundi naye ni msomaji.

Hoja ya mwisho ni ya faragha: si kila mtu anapenda jina lake litangazwe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Naikubali kikamilifu. Ila ridhaa hupatikana kwa kumwuliza mtu, na anayemwuliza mtu jina lake tayari ameanza kumheshimu. Akikataa, aachwe bila jina kwa hiari yake mwenyewe, wala si kwa uzembe wa mpiga picha.

Sasa reli mpya ya kisasa inajengwa kuelekea Tabora, na kazi za reli ya zamani zinabadilika. Stesheni masta mwenye bendera ya kijani na gangi linalokagua njia kwa miguu huenda wakawa historia kama kirangozi. Safari hii hatuna udhuru wa kioo kibichi wala hema la giza. Atakayesimama Goweko na kamera ampige stesheni masta akiwa pale anapofanyia kazi, na bendera yake mkononi. Kisha, kabla treni haijaondoka, amwulize jina lake na namna linavyoandikwa.